Mahubiri Mengi, Injili Kidogo

Ninakaa Sakina, kando ya barabara iendayo Namanga, mahali ambapo jina lake maana yake ni utulivu. Siku ya Jumapili utulivu huo hauko. Tangu asubuhi vipaza sauti vinashindana: upande wa juu kuna kanisa la matofali, upande wa chini kuna turubai, ng'ambo ya barabara kuna ukumbi wa kukodi, na katikati inapita gari yenye spika juu ya paa. Silalamikii kelele. Mwenye habari njema ana haki ya kupaza sauti, na mtu wa umri wangu amekwisha kuzoea kuamshwa. Ninalalamika kwa sababu, baada ya kuzisikiliza sauti hizo zote kwa miaka mingi, mara nyingi nimezima taa usiku nikiwa sijaisikia hiyo habari yenyewe.

Msomaji asinielewe vibaya. Mimi si mpinzani wa dini. Nilibatizwa utotoni, nikafundishwa kipaimara, na nimekuwa mzee wa kanisa tangu baadhi ya wahubiri ninaowasema hawajazaliwa. Ndiyo maana ninaandika. Mpita njia akiona ufa ukutani huenda zake. Mwenye nyumba hawezi kunyamaza.

Hapa mtaani kwetu yuko mama mmoja mjane anayeuza maziwa. Huyapokea alfajiri kwa kina mama wanaoteremka nayo kutoka vijiji vya juu, akayapima kwa kikombe na kuyapeleka nyumba kwa nyumba. Mtaji wake ni ule ulio mkononi: auze leo ndipo anunue kesho. Alikwenda katika mkutano wa siku tano kwenye turubai. Siku ya nne mhubiri aliwaambia watu kwamba mwenye shida apande mbegu, na mbegu hiyo imuume, maana isiyouma haioti. Yule mama akatoa fedha ya maziwa pamoja na kodi ya chumba ya miezi mitatu. Haikupita miezi miwili mwenye nyumba akamtolea vyombo vyake nje. Aliporudi kwa mhubiri kueleza yaliyomkuta hakupewa hata pole. Aliambiwa kwamba alitoa kwa mashaka.

Jioni hiyo alikuja kwangu. Baada ya shikamoo na marahaba alikaa kimya kitambo, kisha akaniuliza, "Baba, ina maana hata Mungu naye amenikataa?"

Tafakari, ndugu msomaji, jambo lililotendeka hapo. Mama yule aliingia katika turubai akiwa maskini wa fedha, akatoka akiwa maskini wa fedha na wa Mungu pia. Mwizi wa sokoni angemwibia mtaji tu, na usiku angeweza kupiga magoti akamlilia Mungu wake. Huyu alimwibia hata mahali pa kulilia.

Tuanze basi na neno lenyewe. Injili ni neno lililotufikia kwa njia ya Kiarabu, na asili yake ni Kiyunani. Maana yake ni habari njema. Habari si shauri, wala si mapatano ya biashara. Habari ni taarifa ya jambo lililokwisha kutendeka. Mtume Paulo, katika sura ya 15 ya waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, anaieleza kwa maneno machache sana: kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, na siku ya tatu akafufuka. Hapo hakuna gari, hakuna nyumba ya ghorofa, hakuna viza ya Marekani. Wala hakuna bei. Wazee wetu walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Lakini mpiga mbiu hana ruhusa ya kulibadili jambo alilotumwa kulitangaza, wala ya kutoza kiingilio kwa wanaolisikia. Akifanya hivyo amekuwa mlanguzi, na sisi tuliopita katika miaka ya foleni za sukari na sabuni tunamjua mlanguzi: hukificha kitu ambacho kila mtu ana haki nacho, kisha akakiuza kichochoroni.

Ulanguzi huu unaua, wala sisemi kwa mfano. Tarehe 1 Februari 2020, pale Moshi, watu 20 walipoteza maisha kwa kukanyagana katika uwanja wa michezo. Walikuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyomwagwa chini, yaliyoitwa ya upako. Kila mmoja wao alitoka nyumbani akiwa na shida yake: ugonjwa, mtoto asiyepata kazi, ndoa iliyoharibika. Siwacheki, na asiyewahi kuuguliwa asiwacheke. Ninachouliza ni hiki: ni nani aliyewafundisha kwamba neema ya Mungu ni chache kiasi kwamba lazima umwahi jirani yako, na hata umkanyage, ili uipate? Mahali penye Injili hakuna haja ya kukimbia, maana kilichotolewa kimetolewa kwa wote.

Najua kwamba wenzangu wa makanisa ya zamani wanatikisa vichwa kukubaliana nami. Wanasema hayo ni mambo ya turubai, sisi tuna liturujia na katekisimo. Wasiharakishe. Mwaka 2011, wakati maelfu kwa maelfu ya watu walipomiminika kijijini Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, mtoa kikombe hakuwa mtu wa turubai. Alikuwa Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa KKKT, kanisa langu mimi. Sitamfananisha na walanguzi wa leo, kwa kuwa shilingi 500 si bei ya mlanguzi, naye amekwisha kufariki, mwaka 2021. Lakini wako wagonjwa walioacha dawa za hospitali kwa kukitumainia kikombe kile, na wengi wetu tuliopaswa kuwaonya tulikuwa tukitafuta nafasi katika magari ya kwenda huko.

Tena nina jambo la karibu zaidi la kuungama. Yule mama muuza maziwa hakuzaliwa katika turubai. Alikuwa wa usharika wetu. Tulipoanza kujenga, kila nyumba ilipewa bahasha na kuandikiwa ahadi. Baraza la wazee likapitisha kwamba wasiotimiza ahadi wasomwe majina kanisani baada ya matangazo, ili wakumbuke. Orodha ile niliiandika mimi kwa mkono wangu, na jina lake lilikuwamo. Lilisomwa Jumapili mbili. Ya tatu hakuja. Sisi tulimtoza kwa aibu, wale wakamtoza kwa matumaini. Tofauti yetu ni kwamba sisi tulitoa risiti. Kwa hiyo aliponiuliza kama Mungu naye amemkataa, neno lile "naye" lilinichoma. Nilijua ni nani aliyetangulia kumkataa.

Kosa la kwanza, basi, ni kuiuza Injili. Kosa la pili halina kelele, nalo ndilo baya zaidi: kuifungia kanisani hadi Jumapili nyingine, kama joho la kwaya.

Katika mlima wetu huu wa Meru watu walijifunza mapema kumtazama mhubiri kabla ya kumsikiliza. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, muda mfupi tu baada ya kufika. Wao walilipa kwa uhai wao. Lakini baada yao likaja jeshi la Wajerumani chini ya Kapteni Johannes kulipiza kisasi, watu wakauawa na ng'ombe wakaswagwa. Hebu jiweke mahali pa Mmeru au Mwaarusha wa siku zile. Mtu mmoja anakuletea habari ya msamaha, na ndugu yake wa rangi ile ile anakuletea bunduki kwa sababu ya mtu huyo huyo. Utaamini lipi? Wamisionari waliporudi, Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904, hawakuwakuta watu wajinga. Waliwakuta watu wenye sababu ya kupima neno kwa tendo.

Kipimo hicho wazee wetu walikishika vema. Sisi tumekiacha, na matunda ya kukiacha tumeletewa hapa hapa mjini. Arusha ndiyo iliyokuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, mpaka ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Rwanda ilikuwa nchi ya Wakristo. Pale Gahini ndipo ulipochipuka, katika miaka ya 1930, ule uamsho ulioenea Uganda, Kenya na kwetu Tanganyika, na ambao nyimbo zake tunaziimba hata leo. Hata hivyo mwaka 1994, katika siku mia moja hivi, waliobatizwa waliwaua waliobatizwa. Februari 2003 mahakama hiyo ilimtia hatiani mchungaji Elizaphan Ntakirutimana na kumfunga miaka 10. Desemba 2006 ikamtia hatiani padre Athanase Seromba, ambaye kanisa la parokia yake ya Nyange lilibomolewa kwa tingatinga juu ya watu wapatao 1,500 waliokuwa wamekimbilia ndani. Katika rufani, mwaka 2008, adhabu yake ikawa kifungo cha maisha. Watu hawa hawakukosa mahubiri. Wao ndio waliokuwa wahubiri. Hukumu zao zilisomwa mwendo mfupi tu kutoka hapa Sakina, nasi tulipita na daladala mbele ya jengo lile tukienda mazoezi ya kwaya.

Nimesikia wahubiri wakiyaeleza mambo ya Rwanda kuwa ni shetani tu. Labda. Lakini shetani huyo alikuta mlango umeachwa wazi na mafundisho yasemayo kwamba Injili inahusu roho kwenda mbinguni, na kwamba kabila, shamba, kitambulisho na jirani ni mambo ya dunia yasiyoihusu mimbari. Mtu akifundishwa hivyo miaka 50, usishangae siku akiimba pambio asubuhi na kushika panga mchana. Hakuvunja fundisho alilopewa, alilifuata.

Kwetu hakuna mapanga, namshukuru Mungu. Kuna lumbesa. Mfanyabiashara anayeimba besi katika kwaya huenda shambani kununua viazi, akalijaza gunia mpaka linaota kilemba, na akamlipa mkulima bei ya gunia moja. Kuna msichana wa kazi za ndani, mtoto wa watu kutoka kijijini, anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho katika nyumba yenye picha ya Yesu sebuleni, na mshahara wake wa miezi minne "umewekwa akiba". Kuna mjane anayenyang'anywa kihamba na shemeji zake, na kikao cha kumnyang'anya kikafunguliwa kwa sala. Nimekaa kanisani miaka hii yote. Mahubiri juu ya lumbesa sijayasikia hata mara moja. Juu ya urefu wa sketi za wasichana nimeyasikia mengi.

Nitajibiwa kwamba ninahukumu, na kwamba kazi ya kuhukumu ni ya Mungu. Nakubali, siwezi kuhukumu moyo wa mtu. Lakini mahubiri si moyo. Ni maneno yaliyosemwa hadharani, na kitabu cha Matendo ya Mitume kinawasifu watu wa Beroya kwa kuyachunguza. Nitajibiwa pia kwamba watu wanahitaji matumaini, kwa kuwa hospitali ni ghali na kazi hakuna. Hilo ni kweli tupu, na sikatai kwamba Mungu huponya. Nakataa tumaini lenye masharti ya malipo, maana hilo ni deni, na maskini ana madeni ya kutosha.

Kwa hiyo natoa kipimo changu, nacho si cha kitaalamu. Ukitoka ibadani jiulize mambo matatu. La kwanza, je, nimesikia Kristo alifanya nini, au nimesikia tu ninavyotakiwa kufanya mimi? La pili, je, maneno haya yangeweza kusemwa kwa mtu anayekufa leo jioni, asiye na senti, naye yakamfariji? La tatu, je, kesho Jumatatu kuna mtu atakayeona nafuu kwa sababu mimi nimeyasikia: mkulima, msichana wa kazi, shemeji mjane, jirani yangu Mwislamu? Jibu likiwa hapana mara tatu, umesikiliza hotuba, hata kama ilianza na kumalizika kwa haleluya.

Nilipeleka jambo la majina katika baraza la wazee. Nilisema orodha isisomwe tena, na waliosomwa tuwaendee nyumbani kuomba radhi. Wawili waliniunga mkono. Wengine walisema kwa heshima kwamba mzee amechoka, na kwamba bila orodha bati halitapatikana. Orodha sasa inaandikwa na mtu mwingine. Bati, hadi ninapoandika haya, halijapatikana.

Kwa yule mama nilikwenda peke yangu. Amepata chumba kingine na kuanza tena kwa lita tano, kwa fedha aliyoazimwa na mwenzake wa sokoni, ambaye si Mkristo. Nilimwambia kwamba orodha ile niliiandika mimi. Alinitazama, akasema, "Nilijua, baba. Mwandiko wako naujua." Kisha nikalijibu swali lake, nikiwa nimechelewa miezi mingi: kwamba Mungu hajamkataa, kwamba jambo hilo lilikwisha kulipwa msalabani, na kwamba hadaiwi na mtu yeyote, si na turubai wala na sisi. Hakusema amini. Alinipimia maziwa lita moja, nikalipa, akanirudishia chenji yote, akaniongezea kikombe kidogo juu.