Elimu ni Faradhi, Deni la Riba Si Faradhi



Kumezuka msemo miongoni mwa baadhi ya ndugu zetu waliohamia Marekani, nao umeanza kutufikia misikitini kupitia kwa jamaa zao. Husema: "Elimu haina bei. Kijana akipata chuo atie saini, deni litajilipa lenyewe akianza kazi." Sisi twasema msemo huo ni batili, na mwenye kuusema hajapiga hesabu ya dunia wala ya Akhera.

Tuchukue mfano wa fani inayowavutia vijana wetu: sayansi ya utambuzi, yaani elimu ya namna akili inavyofahamu, inavyokumbuka na inavyoamua. Fani hiyo hukusanya saikolojia, isimu, falsafa, kompyuta na elimu ya ubongo. Idara yake ya kwanza ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha California, San Diego, mwaka 1986. Hatuipingi. Mwenyezi Mungu ametuhimiza kuzingatia nafsi zetu. Tunachokipinga ni kuinunua kwa fedha za riba, kwa kutumainia mshahara ambao hakuna aliyeuahidi.

Kwanza, tulitazame deni. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayetegemea wazazi huweza kukopa serikalini hadi jumla ya dola 31,000. Mikopo ya mwaka wa masomo 2025/26 ilitolewa kwa riba ya asilimia 6.39. Kwa kiwango hicho, kiasi hicho kikilipwa kwa miaka 10, ni takriban dola 350 kila mwezi, na jumla yake hupita dola 42,000. Mzazi naye hukopa kwa jina lake mwenyewe, na riba yake mwaka huo ilikuwa asilimia 8.94. Sheria ya 2025 imewawekea wazazi wakopaji wapya kikomo cha dola 65,000 kwa kila mtoto kuanzia Julai 2026. Atakayefika kikomo hicho kwa riba hiyo, akalipa kwa miaka 10, atarudisha zaidi ya dola 98,000. Je, mzee wa miaka 55 anayefanya kazi ghalani usiku atazitoa wapi?

Pili, tuutazame mshahara. Tangu 2015 Wizara ya Elimu ya Marekani imeweka kwenye intaneti orodha iitwayo College Scorecard, inayoonyesha deni na mapato ya waliohitimu. Ni wazazi wangapi wameifungua kabla ya kutia saini? Na mwenye kuifungua asihadaike. Vijana wawili huhitimu fani hii kwa cheti chenye jina moja: mmoja alijaza miaka yake kwa kompyuta na takwimu, mwingine kwa falsafa na saikolojia. Milango ya kazi inayowafungukia haifanani, na utafiti wenyewe mara nyingi hudai shahada ya uzamivu, yaani miaka mingine mingi. Mapato yao yakichanganywa, namba inayotoka huenda isimweleze hata mmoja wao. Basi lisiulizwe jina la fani peke yake; yaulizwe masomo yaliyomo ndani yake, chuo gani, na kwa bei gani.

Tatu, wapo watakaosema: "Ni darura." Darura hupimwa kwa kadiri yake, wala haidaiwi na asiyebisha hodi mlango mwingine. Kwa wenye uraia au ukaazi wa kudumu na kipato kidogo upo msaada wa serikali usiorudishwa, uitwao Pell, uliofikia dola 7,395 kwa mwaka 2025/26. Vipo vyuo vya jamii ambako kijana husoma miaka miwili kwa ada ndogo kisha akahamia chuo kikuu cha jimbo lake. Aliyeipita milango hii kwa sababu chuo chenye jina kubwa kitampa baba yake la kujivunia harusini, huyo hana darura; ana kiburi.

Lakini tuseme haki hata juu ya nafsi zetu. Jumuiya zetu huchangia minara na mazulia, zikamwacha kijana mwenye akili aende peke yake kwa wala riba, kisha zikamhutubia Ijumaa juu ya uharamu wake! Iko wapi qardhan hasana tunayoisoma vitabuni? Msikiti ulioweza kununua zulia unaweza kumkopesha kijana ada ya muhula mmoja bila ziada.

Ndugu Waislamu, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Na Mtume (S.A.W.) alijizuia kumsalia maiti aliyeacha deni la dinari chache, mpaka Abu Qatada alipolidhamini. Ikiwa hali ni hiyo kwa dinari chache, vipi tutie saini ya maelfu bila kusoma karatasi?

Kabla ya kalamu kugusa karatasi, baba, mama na kijana wakae pamoja, waandike deni upande mmoja na mapato upande wa pili. Visipolingana, wabadilishe chuo, si dini.

Wabillahi tawfiq.