Kuzomea si Kujibizana

Rafiki yangu mmoja wa pwani ameniandikia barua iliyonikosesha usingizi. Nilikuwa nimemsimulia mambo niliyoyashuhudia katika mashindano ya bendi za shule huku kwetu mkoani Singida, ambako watoto walizomewa hadi mmoja wao akashindwa kuendelea. Akanijibu kwamba sisi watu wa bara tuna mioyo laini, kwamba mashindano yasiyo na kuzomeana ni mchuzi usiotiwa chumvi, na kwamba pwani wamezomeana tangu enzi za beni na ngoma hazikufa. Nimeona nimjibu hadharani, kwa kuwa hoja hiyo si yake peke yake. Naisikia kwa wazazi na kwa walimu. Naisikia hata kwa washairi wenzangu, na hao ndio ninaowalaumu zaidi.

Kwanza nieleze nilichokiona. Ilikuwa miezi ya kipupwe, upepo wa Singida unapovuma tangu asubuhi hadi jioni na kupasua midomo ya watu. Zilishindana shule kadhaa katika uwanja wa vumbi, kila moja na ngoma zake, filimbi zake na tarumbeta moja au mbili. Tarumbeta hizo zilikuwa kuukuu na zilizobonyea, na watoto wawili watatu walipokezana moja kwa zamu. Shule ya nne ilipoingia, mpiga tarumbeta wake, mtoto wa umri wa miaka kumi na miwili hivi, alikosa sauti ya kwanza. Ikatoka sauti kama ya mbuzi aliyebanwa. Watu wakacheka. Akajaribu tena, ikatoka mbaya kuliko ile ya kwanza. Hapo ndipo uwanja mzima ulipoanza kuzomea, nusu yao wakiwa ni watu wazima wenye watoto wao. Mtoto akaishusha tarumbeta, akaendelea kutembea na wenzake kwa hatua zilezile, machozi yanamtoka, mikono imenyooka kama alivyofundishwa.

Sitaki msomaji adhani kwamba mimi nilikuwa malaika katika uwanja huo. Sauti ile ya kwanza ilipotoka, nami nilicheka. Nilipomwona akiishusha tarumbeta ndipo kicheko kilipokatika, na aibu niliyoipata ndiyo inayoandika maneno haya. Baadaye mwalimu wake aliniambia kwamba mtoto huyo ameomba kutolewa katika bendi.

Sasa niigeukie hoja ya rafiki yangu. Anaiegemeza kwenye historia, na historia hiyo naijua kwa kiasi cha mtu aliyejisomea mwenyewe baada ya darasa la saba. Ni kweli beni ilizaliwa katika ushindani. Mombasa walikuwapo Kingi na Skochi. Lamu walipambana Mkomani na Langoni. Tanganyika nzima ilijaa Marini na Arinoti. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, ameonyesha jinsi ngoma hiyo ya tarumbeta na gwaride ilivyotoka miji ya pwani mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, ikaingia bara pamoja na askari, makarani na reli. Reli hiyohiyo ndiyo inayopita hapa kwetu Manyoni na Itigi. Kwa hiyo mtoto wa Singida anayepiga hatua nyuma ya tarumbeta si mgeni katika jambo hili. Anatembea katika njia iliyochongwa na mababu wa rafiki yangu.

Lakini na tuwatazame vizuri mababu hao. Waliokuwa wakishambuliana katika beni walikuwa watu wazima. Walikuwa na vyeo walivyojipa wenyewe, wafalme na majenerali, walichanga fedha zao na kuchagua mahasimu wao. Na silaha yao kubwa ilikuwa wimbo. Kundi moja likitukanwa kwa wimbo, lilikwenda kutunga wimbo mwingine na kuurudisha. Ndivyo walivyofanya kabla yao Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu, waliopigana kwa mashairi wakati miji yao ikielekea katika vita vya mikuki. Maneno yao yalikuwa makali kupita kelele yoyote ya uwanjani, lakini kila mmoja alimpa mwenzake jambo la kujibu.

Hii ndiyo tofauti ambayo rafiki yangu ameiruka. Anayejibizana hutoa hoja, huifunga katika vina na mizani, kisha hunyamaza ili mwenzake aseme. Anayezomea hatoi hoja yoyote. Hasemi kosa liko wapi, wala hangoji jibu. Na mpiga tarumbeta atajibuje? Kinywa chake kimezibwa na shaba. Ashushe chombo ili atetee heshima yake, na bendi isimame?

Kuna jambo jingine ambalo wazomeaji wengi hawalijui, na ni jambo la ufundi. Tarumbeta ya gwaride isiyo na vitufe hupata sauti zake zote kwa midomo na pumzi. Hakuna kidole kinachosaidia. Mpigaji hukaza midomo ili sauti ipande na kuilegeza ili ishuke, na pumzi lazima itoke tumboni bila kutetemeka. Mtu akiogopa, midomo hukauka, koo hubana na pumzi huwa fupi. Kwa hiyo kelele ya kwanza ya uwanja ndiyo iliyoharibu sauti ya pili. Tulimzomea mtoto kwa kosa tulilochangia kulitenda.

Wapo watakaosema kwamba nataka makofi ya uongo, kila mtoto aambiwe ni fundi, na sanaa ife kwa sifa za bure. Hoja hii naiheshimu, maana nimesoma diwani nyingi zilizouawa na sifa za bure. Nami sisemi kosa lisemwe kuwa si kosa. Majaji wapo na karatasi zao, wakate alama. Mwalimu yupo, amwambie mtoto kesho yake, chini ya mwembe, kwamba alikaza midomo mapema mno. Hadhira nayo ina hukumu yake kongwe, tena kali, isiyohitaji mtu kupiga kelele. Watu wa pwani wanaijua kuliko mimi. Katika taarabu, mwimbaji aliyegusa moyo huinukiwa na kutunzwa. Asiyegusa huimba hadi mwisho na hapana anayeinuka, naye anaelewa. Majirani zetu Wasukuma wana makundi yao ya Bagika na Bagalu, yanayocheza siku moja mahali pamoja, na mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wakaacha upande wa pili. Miguu ya watu ndiyo inayohukumu. Je, hukumu hiyo si kali? Lakini baada yake mchezaji hurudi nyumbani akijua la kufanya: atafute mtindo bora wa kuwavuta watu mwaka ujao.

Huku kwetu bara ya kati tuna ushahidi mwingine. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Dodoma mwaka 1917, ndiye aliyeieneza ngonjera katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha, na ikaingia mashuleni nchi nzima. Nami nilikariri ngonjera nikiwa mtoto, na kwa hizo nilijua kwamba kuna kitu kinaitwa mizani. Katika ngonjera huwapo asiyejua na ajuaye. Asiyejua husema ujinga wake wote, ubeti kwa ubeti, na ajuaye humjibu ubeti kwa ubeti hadi wakakubaliana. Fikiri kama ajuaye angemzomea mwenzake katika ubeti wa kwanza. Pasingekuwa na shairi, na mjinga angekwenda zake na ujinga wake, akiwa ameongezewa chuki.

Nasema haya kwa washairi kwa sababu sisi ndio tunaolalamika kila mwaka kwamba vijana wameiacha sanaa. Twasema hawasomi na hawatungi. Lakini ni nani aliyewahesabu waliokuja wakafukuzwa? Yule mtoto hakuiacha tarumbeta kwa uvivu. Alifanya mazoezi kwa chombo kibovu, kwa zamu, chini ya mwalimu ambaye naye hakufundishwa muziki na mtu, akaja mbele yetu mara moja, na mara hiyo moja ikamtosha.

Basi rafiki yangu, kama wapenda kuzomea, njoo Singida tushindane mimi nawe. Nitunge na utunge, unizomee mpaka sauti ikukauke. Ndevu zetu zimeota mvi, twaweza kuvumiliana. Watoto tuwaachie uwanja wamalize wimbo wao. Nami kwa kuwa nimekukaribisha, natanguliza ubeti mmoja, ukipenda ujibu:

Ukiliona kosale, mwambie kwa utulivu,
Kuzomea ni kelele, haimfunzi mvivu,
Tarumbeta yake ile, isilale kwenye jivu,
Fundi hakuzawa vile, bali kwa uvumilivu.