Florini moja, tatu au mnyororo mzima: si kitu kimoja

Makala ninayoijibu hapa inazitia kemikali zote zenye florini kapu moja, nami napinga. Chukua asidi ya siki. Badilisha hidrojeni moja ya kundi lake la methili kwa florini, upate asidi ya floroasetiki, ile ambayo mwanakemia Marais aliitambua mwaka 1944 katika gifblaar, mmea wa Afrika Kusini unaoua ng'ombe. Seli huipokea kama asetati ya kawaida, inaingia mzunguko wa Krebs, inageuzwa florositrati na kuzuia kimeng'enya cha akonitasi. Weka florini tatu, na njia hiyo ya sumu inafungika. Badala yake asidi inakuwa kali zaidi ya mara 10,000 kuliko asidi ya siki, kwa sababu florini huvuta elektroni kwa nguvu mno.

Wapo watakaosema kifungo cha kaboni na florini ni kigumu kuvunjika, hivyo zote zipigwe marufuku. Ugumu huo ni kweli, na ndio unaofanya PFAS, kemikali zenye minyororo ya kaboni iliyojaa florini, zidumu majini miaka na miaka, jambo la kutisha hasa. Ila dolutegravir, dawa ya VVU inayotegemewa na mamilioni Afrika Mashariki na kwingineko, ina florini mbili kwenye pete moja ya benzini, na pete hiyo hukaa ndani kabisa ya mfuko wa intigrasi, kimeng'enya cha virusi. Sheria isiyotofautisha PFAS na dawa kama hiyo itawaumiza wagonjwa.