Ukongwe wa mtangazaji si sauti
Mwandishi wa makala kuhusu watangazaji wakongwe, mengi umesema kweli, ila ukongwe wa msoma habari haupimwi kwa sauti nzito. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka Ziwa Victoria, karibu na kisiwa cha Ukara wilayani Ukerewe, tarehe 20 Septemba 2018, idadi ya waliofariki ilianza na makumi, ikapita 200 ndani ya siku chache. Na siku mbili baada ya ajali fundi mmoja akaopolewa hai. Hapo ndipo mtangazaji mwandamizi anapohitajika: aseme "hadi saa hii", amtaje aliyetoa takwimu, asifunge hesabu mapema. Wachangiaji mnaosema simu zinatosha kupata habari, ni kweli zinawahi, lakini familia ya Ukerewe inayosubiri jina la ndugu yake inahitaji uhakika kuliko haraka. Star TV na Radio Free Africa, vituo vyetu vya hapa Mwanza, viwape wakongwe nafasi ya kuwafundisha vijana umakini huo.