Saluti ni ya Kibendera, Si ya Kiti cha Nyuma

Askari yeyote aliyewahi kusimama zamu langoni anaijua desturi hii. Gari la mkuu likipita na kibendera chake kikipepea, hupigiwa saluti. Likipita huku kibendera kimefunikwa, halipigiwi, hata kama limeng'arishwa likawa kama kioo. Chuoni tulielezwa sababu yake tungali makadeti: saluti ni ya cheo, na ya dola iliyokitoa cheo hicho. Si ya chuma, wala si ya mtu aliyeketi kiti cha nyuma. Ni somo fupi, lakini nchi jirani zetu zimemwaga damu nyingi kwa sababu ya askari waliolisahau. Leo twapenda kulikumbusha kwa kueleza habari za gari moja adimu na waliowahi kuwa wenyewe.

Gari hilo ni Mercedes-Benz 600. Lilitangazwa Ujerumani ya Magharibi mwaka 1963 na likaendelea kuundwa hadi mwaka 1981. Katika muda wote huo yalitengenezwa magari 2,677 tu. Injini yake ilikuwa ya lita 6.3, na lile refu, liitwalo Pullman, lilipita mita 6. Madirisha na viti vyake viliendeshwa kwa msukumo wa mafuta yaliyopitishwa katika mirija, bila kelele yoyote, hata mkuu asihitaji kuzungusha mkono. Miongoni mwa walioyamiliki walikuwamo Shah wa Iran, Marshal Tito wa Yugoslavia na Mao Zedong wa China. Katika sehemu zetu hizi walikuwamo Mobutu Sese Seko wa Zaire na Idi Amin wa Uganda. Wote wawili walikuwa askari, na nchi zao zote mbili zimepakana nasi. Wananchi wa Afrika Mashariki, kwa kuyatazama magari ya Benz yakiwapita na kuwaachia vumbi, wakabuni jina la kabila jipya: Wabenzi.

Je, wenyewe wako wapi? Shah aliikimbia nchi yake Januari 1979, akafia Cairo mwaka uliofuata. Mobutu alitoroka Kinshasa Mei 1997, akafia Rabat mwezi Septemba mwaka huo huo. Amin alifia Jeddah mwaka 2003. Hakuna hata mmoja aliyezikwa kwao.

Habari za Amin zatuhusu zaidi, kwani alianza kama sisi, kwa kutii amri. Mei 1966 aliongoza mashambulizi dhidi ya kasri ya Kabaka huko Mengo, kwa amri ya Milton Obote. Kabaka Mutesa, aliyekuwa Rais wa kwanza wa Uganda, alikimbilia uhamishoni, akafia London mwaka 1969. Januari 1971, afisa yule yule alimpindua Obote aliyemtuma. Aprili 1979, majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa ukombozi wa Uganda waliingia Kampala, naye akakimbilia Libya. Askari wake wengi, pamoja na wake na watoto, walivuka mpaka na kuingia kusini mwa Sudan. Wazee wetu wa Yei na Juba wangali wanalikumbuka jambo hilo. Mwenye kiti cha nyuma alipata hifadhi ng'ambo. Waliokuwa wakimfungulia mlango wakawa wakimbizi.

Mfano wa pili ni wa Addis Ababa. Juba yetu ina deni la shukrani kwa Mfalme Haile Selassie, aliyesaidia kupatikana kwa mkataba wa amani wa mwaka 1972 uliomaliza vita vyetu vya kwanza. Mfalme huyo alikuwa na Rolls-Royce na magari mengine ya fahari. Lakini tarehe 12 Septemba 1974, maafisa wa kamati ya majeshi na polisi walipofika kumwondoa kasrini, walimwingiza katika kiti cha nyuma cha Volkswagen ndogo. Wengi walishangilia, na hasira yao ilikuwa na sababu, maadam njaa ya Wollo ilikuwa imeua umati wa watu huku watawala wakiificha. Lakini kilifuata nini? Novemba mwaka huo huo, viongozi wapatao 60 walipigwa risasi bila mahakama. Mwaka 1977 na 1978 Ugaidi Mwekundu uliwateketeza vijana kwa maelfu. Mifupa ya Mfalme ilifukuliwa chini ya sakafu ya kasri mwaka 1992. Mengistu Haile Mariam, afisa aliyepanda juu ya wenzake wote, alikuwa ameikimbia nchi Mei 1991. Kumbe Volkswagen ile haikuleta usawa. Ilibadilisha abiria tu.

Iko njia nyingine. Katika Makumbusho ya Taifa mjini Dar es Salaam imehifadhiwa Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni, kisha na Mwalimu Nyerere. Mwalimu aliondoka madarakani kwa hiari yake mwaka 1985, na gari limebaki kuwa mali ya umma. Chama chake kilifundisha kwamba cheo ni dhamana.

Sasa tutazame kwetu. Desemba 2013 risasi za kwanza zilisikika ndani ya kambi ya walinzi wenyewe. Julai 2016 walinzi wa viongozi wetu walifyatuliana risasi mlangoni pa Ikulu, nao walikuwa ndugu wa sare moja. Huenda msomaji akasema: askari ambaye mshahara wake umechelewa miezi, akiona magari yenye vioo vyeusi yakipita, ataachaje kukasirika? Hatutalificha jambo hilo. Hasira hiyo ni ya haki, na wanaopanda magari hayo wajue kwamba ni mali ya wananchi. Lakini dawa ya hasira hiyo si kukitamani kiti kile, wala si kumpigania mtu aliyekikalia.

Basi, tufanye yaliyo katika uwezo wetu. Kila gari la serikali liandikwe katika daftari, na anayeondoka akabidhi ufunguo. Msafara usiwasukume raia mitaroni kwa ving'ora. Walinzi wa wakuu wawili wakigombana, neno lifike kwa kamanda kabla mkono haujafika kwenye kifyatulio. Na kibendera kikifunikwa, tushushe mkono, tuendelee na lindo letu.