Tenda ya Bei Rahisi Inatukula Mara Mbili

Msee, hii inakuhusu hata kama hujawahi kushika makaratasi ya tenda. Si unajua ile lami ya mtaa huwekwa leo, mvua ikinyesha mara mbili mashimo yanatosha kufuga samaki? Wakati mwingine shida ilianza siku ya kulinganisha bei.

Tupige hesabu. Chukulia kampuni moja inataka milioni 40 kwa barabara itakayodumu miaka 4. Nyingine inataka milioni 55, lakini yake itadumu miaka 11. Kwa bei tupu, ya kwanza imebeba. Gawanya kwa miaka sasa: ya kwanza inakula milioni 10 kila mwaka, ya pili milioni 5. Na hiyo doh ni ushuru wako.

Sheria yetu inajua hii hesabu. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, kifungu cha 86, haijafunga mlango kwa bei ya chini pekee. Tenda inaweza kuenda kwa mwenye gharama ndogo ukijumlisha kila kitu: kununua, kuendesha na kurekebisha. Uingereza nao, tangu Februari 2025, sheria yao mpya inatafuta zabuni iliyo bora kwa jumla.

Lakini usichangamke mapema. Bei ni namba, kila mtu anaiona. "Ubora" ukiachwa bila vipimo, ofisa atampea binamu yake alama 90 na nani atauliza? Ndio maana kifungu cha 80 kinataka vigezo viwe kwa hati ya tenda, na vipimike kadiri inavyowezekana: miaka ya dhamana, mafuta kwa kilomita, siku za kuleta spea.

Na wewe unayewinda zile tenda za AGPO, asilimia 30 iliyotengewa vijana, akina mama na watu wenye ulemavu: usikate bei mpaka mfupa halafu kazi ikumalize. Soma vigezo kwanza. Ukihisi umechezwa, una siku 14 tangu ujulishwe matokeo kupeleka kesi kwa bodi ya kukagua zabuni, PPARB.

Wengine wetu, siku mkubwa akijigamba ameokoa mamilioni kwa tenda, tumuulize swali moja tu: hiyo kitu itadumu miaka mingapi?