Akili mnemba hospitalini: Yaliyoipata Babyl yasisahaulike

Mwezi Januari 2026, Taasisi ya Gates na kampuni ya OpenAI ya Marekani zilitangaza mpango uitwao Horizon1000, wenye thamani ya dola milioni 50 za Kimarekani. Lengo lake ni kuingiza akili mnemba, au akili bandia kama wengine wanavyoiita, katika vituo 1,000 vya afya ya msingi barani Afrika ifikapo mwaka 2028. Nchi iliyochaguliwa kuanza nayo ni Rwanda.

Habari hizo zimepokewa kwa matumaini, na si ajabu. Katika ukanda wetu mgonjwa huweza kutembea saa kadhaa hadi zahanati, akakuta muuguzi mmoja na foleni ndefu. Chombo kitakachomsaidia muuguzi huyo kutambua ugonjwa upesi si anasa.

Hata hivyo, Rwanda si mgeni katika jambo hili. Mwaka 2016 kampuni ya Babylon Health ya Uingereza ilifungua huduma nchini humo kwa jina la Babyl. Mwananchi alibonyeza *811# kwenye simu yake ya kawaida, akapangiwa muda wa kuzungumza na muuguzi au daktari, kisha akatumiwa ujumbe mfupi wenye namba ya kwenda nayo duka la dawa au maabara. Mwaka 2020 kampuni ilitia saini mkataba wa miaka 10 na serikali, huduma ikaunganishwa na bima ya afya ya jamii, Mutuelle de Santé. Watu zaidi ya milioni 2 walijiandikisha.

Kampuni mama ilijinadi kwa akili mnemba. Mwaka 2018 ilidai jijini London kwamba programu yake ilipata asilimia 81 katika maswali ya mtihani wa madaktari wa familia, dai ambalo chama cha madaktari hao kililipinga. Mwaka 2021 iliingia katika soko la hisa la New York ikiwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 4. Agosti 2023 ikaanguka. Biashara yake ya Uingereza ilinunuliwa na kampuni nyingine, na huduma ya Rwanda ikafungwa. Mkataba wa miaka 10 haukufikisha hata minne.

Ni muhimu kuelewa kilichoiua Babyl. Wanyarwanda hawakuikataa, wala haikufungwa kwa sababu simu zilishindwa kufanya kazi. Iliuawa na hesabu za fedha za kampuni iliyokuwa mbali, ambazo mgonjwa wa kijijini hakuwa na sauti juu yake.

Upande wa Kenya kuna funzo la pili. Mwaka 2025 kliniki 15 za Penda Health jijini Nairobi, zikishirikiana na OpenAI, zilitoa matokeo ya utafiti uliohusu mahudhurio 39,849 ya wagonjwa. Wahudumu waliosaidiwa na akili mnemba walifanya makosa machache zaidi: yale ya kutambua ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16, na ya matibabu kwa asilimia 13. Programu haikumwamulia mhudumu, bali ilimwonya kwa rangi ya kijani, njano au nyekundu.

Matokeo hayo yanatia moyo. Lakini waliofanya utafiti huo ni wenye chombo na wenye kliniki, na hali za wagonjwa wenyewe baada ya matibabu hazikuonyesha tofauti ya kutosha kuthibitisha kwamba walipona zaidi. Kupunguza makosa kwenye faili ni hatua njema, ila si sawa na kupunguza vifo. Ndiyo maana vyuo vikuu na taasisi za utafiti za ukanda huu zinapaswa kupima zenyewe, kwa fedha zisizotoka kwa muuzaji.

Sheria za kulinda taarifa binafsi tunazo. Kenya ilitunga yake mwaka 2019, Rwanda 2021 na Tanzania 2022. Ile ya Rwanda inataka taarifa zihifadhiwe nchini humo, isipokuwa kwa kibali. Hizo ni kinga nzuri kwa siri za mgonjwa, lakini sheria ya taarifa haiwezi kumlazimisha mwenye programu kuendelea kuiwasha.

Kinga hiyo inapatikana kwenye mkataba tu. Serikali inapaswa kudai mambo matatu kabla ya kutia saini: kwamba mwenye kampuni akifilisika au ruzuku ikikauka, rekodi za wagonjwa zikabidhiwe wizara zikiwa katika hali ya kutumika, kwamba kuwe na muda wa makabidhiano, si kuzima ghafla, na kwamba kituo kiweze kumtibu mgonjwa hata siku mashine ikikaa kimya. Hili la tatu lina maana kwamba fedha za akili mnemba zisichukue nafasi ya fedha za kusomesha wauguzi.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Basi mgeni na akaribishwe. Ila kabla hajaketi aulizwe: siku utakapoondoka, mgonjwa wetu atabaki na nini?